Nimenyimwa ruzuku mara tano na mzee ninayemrekodi anazidi kuchoka, nikakope?

Anti, shikamoo. Naomba usiweke jina langu, niite tu Binti wa Korogwe inatosha.

Mi nina miaka 27, nilisoma mambo ya filamu Bagamoyo, sa hivi nimerudi kwa mama napiga picha za harusi na kipaimara ili mkono uende kinywani. Mwaka juzi nilianza dokumentari kuhusu manamba, wale wazee waliokuja huku kukata mkonge enzi za mkoloni, maana huku kwetu mkonge ndo umetulea wote, hata babu mzaa mama alifanya kazi korona, pale wanapochakata majani mpaka zinatoka singa, na hao wazee sasa wanaisha mmoja mmoja na hakuna anayewauliza kitu.

Mzee mkuu kwenye filamu yangu namwita Babu tu, sio wa damu. Ana kama miaka 86, mwenyewe hana uhakika. Alitoka Kasulu kijana mdogo, akaandikishwa na Silabu, ile ofisi ya wenye mashamba ya mkonge ya kutafuta vibarua, akapandishwa treni, na tangu siku hiyo hajarudi kwao hata mara moja, mpaka leo anakaa kwenye zile nyumba za kambi. Ukimuuliza jina anaanza kwanza na namba. Kile kikadi chake cha kazi, kipande, bado anacho, kakiweka kwenye nailoni kisha kakifunga ndani ya kaniki, anakitoa mara chache sana. Mwenzie niliyemrekodi mara mbili alifariki mwezi wa pili, nikaenda msibani kamera iko kwenye begi nikashindwa hata kuitoa.

Sasa Anti nimeomba ruzuku mara tano. Mbili Ulaya, moja Canada, moja Nairobi, moja hapa hapa nyumbani. Zote wamenikatalia, majibu yenyewe mistari mitatu, wanashukuru, maombi yalikuwa mengi, wananitakia kila la heri. Sijui nimekosea wapi. Bajeti yangu ni milioni 68 na niliipiga kwa uangalifu kabisa. Kuna mfuko ulikuwa unauliza mzalishaji mwenza, yani prodyuza wa kushirikiana naye, wa kule kwao ni nani, mi nikaacha patupu maana simjui mtu. Na kinachonichanganya ni kwamba wengine wanapata, si yule kaka Mtanzania alipata ile ya Netflix na UNESCO?

Mwaka jana nilichukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba kali, laki tano nikakodi kamera na maiki, nikalipa mpaka nikakonda. Sa hivi mama anasema tuweke hati ya kiwanja tukope benki niimalize. Tena kuna kaka kwenye grupu letu la WhatsApp anasema anajuana na watu wa mifuko ya nje, nimpe 400,000 aniandikie na kunipitishia, halafu ikitoka anachukua asilimia 20.

Nikope? Nimlipe huyo kaka? Au niache tu? Babu kila nikienda ananiuliza, mjukuu wangu, hiyo sinema itaisha lini niione? Nakosa cha kumjibu.

Nimekuambatanishia maombi yangu, kurasa 11.

Binti wa Korogwe

* * *

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba wa huyo mzee. Na kuiacha kamera kwenye begi siku ile hukukosea chochote, usijilaumu.

Yale mawili ya hela nayamaliza haraka. Kiwanja cha mama kisiguswe. Mkopo wa benki unarudishwa kila mwezi, na dokumentari ya kwanza ya mtu hailipi kila mwezi, wakati mwingine inamaliza miaka miwili inazunguka kwenye matamasha kabla haijaingiza hata shilingi, sasa benki watakusubiri? Hata ule Mfuko wa Utamaduni na Sanaa wa serikali, watu wanauita ruzuku lakini wanachotoa ni mikopo, unafaa mtu mwenye tamthilia inayouzika au studio yenye wateja, kwa filamu yako ya sasa hivi bado. Na huyo kaka usimpe hata mia. Mfuko unaotoa ruzuku hauna mtu wa kupitishia kwenye grupu, kuna fomu na kuna tarehe ya mwisho na kuna watu wanakaa kusoma. Kiingilio kinalipwa kwenye matamasha pale unapotuma filamu iliyokamilika, hilo lipo na ni kawaida, ila ukiona mtu anataka utume hela kwanza ndo ruzuku ifunguke, huo ni wizi, mfute namba.

Sasa tuje kwenye kurasa zako 11, nimezisoma zote jana usiku, mbili nikazirudia.

Ukurasa wa kwanza umeanza na mwaka 1893, Richard Hindorf, yule Mjerumani aliyeleta mkonge, na vile vichipukizi 62 vilivyofika hai Pangani. Ukurasa wa pili ni Silabu na usafirishaji wa vibarua kutoka Kigoma, Songea, Msumbiji na Ruanda-Urundi. Wa tatu ni miaka ya 60 tulivyokuwa tunauza nje zaidi ya tani laki mbili kwa mwaka, wa nne ni Azimio la Arusha na kutaifishwa kwa mashamba, pamoja na nyuzi za plastiki zilizoangusha bei. Kila kitu ni kweli, umesoma kweli kweli, ukiniletea kama tasnifu nakupa A. Ila Babu nimekutana naye ukurasa wa SABA. Tena ameandikwa hivi, "mmoja wa wahusika ni mzee aliyewahi kuwa kibarua." Basi. Na lile neno kipande nimelitafuta kurasa zote 11 halipo, halipo hata mara moja mwanangu, wakati kwenye barua hii uliyoniandikia mimi kwa dakika kumi umelitaja kama vile sio kitu na mi nikashika kichwa.

Hapo ndo ulipokosea, na sio kosa lako peke yako, tumefundishwa shuleni kwamba ukiomba hela kwa wakubwa unaandika kama ripoti. Mi mwenyewe maombi yangu matatu ya mwanzo yalikataliwa, nilikuwa naandika "filamu hii inachunguza changamoto za..." mpaka siku moja mama mmoja ambaye alikuwa kwenye jopo la kusoma akanivuta pembeni akaniambia dada, nimesoma kurasa nane sijamuona mtu hata mmoja. Iliniuma wiki nzima lakini alikuwa na haki. Yule anayesoma ana rundo la maombi mezani, anajua utumwa, anajua ukoloni, anajua bei ya mazao ilianguka, mada kama hizo amezisoma tangu asubuhi. Anachotafuta ni kama wewe una filamu. Yani anataka afumbe macho aione.

Jaribu kuanza hivi, naandika kwa ulichonisimulia na mengine nabuni, wewe utarekebisha maana unamjua:

"Ukimuuliza Babu jina lake anakutajia namba kwanza. Kisha anaingia ndani, anakaa sana, anarudi na kifurushi cha kaniki. Anafungua fundo kwa meno kwa sababu vidole havikunji tena. Ndani ya kaniki kuna nailoni, ndani ya nailoni kuna kikadi cha siku 30 za kazi ambacho kona moja imeliwa. Aliondoka Kasulu akidhani akijaza vikadi kadhaa atarudi nyumbani."

Umeona? Mtu akimaliza hapo ndo anataka kujua kwa nini hakurudi, ndo unampa Silabu, ndo unampa bei ya mkonge, historia yote uliyoikusanya inapata pa kukaa. Wenyewe waliitwa manamba kwa sababu ya hizo namba, na wewe unaye mzee ambaye mpaka leo anaanza na namba, sasa unaenda kuniandikia Hindorf ukurasa wa kwanza kwa sababu gani? Hindorf anaweza kusubiri ukurasa wa nne.

Na uandike kwanza Kiswahili. Yote. Ukimaliza ukaona inasomeka ndo utafute wa kukusaidia Kiingereza, mtu umlipe kwa kazi ya kutafsiri na sio asilimia ya filamu. Kiingereza chako cha kwenye maombi kimenyooka lakini kimekauka, wewe ninayekusoma hapa kwenye barua haumo kule.

La pili. Umeomba milioni 68 ya kutengeneza filamu nzima wakati huna kampuni, huna prodyuza, na huna hata dakika tatu ulizokata za kumuonyesha mtu. Ruzuku zina hatua zake. Kuna ya kuendeleza wazo, hiyo ni hela ndogo ya kwenda eneo la tukio, kufanya utafiti, kurekodi kidogo na kukata trela. Kuna ya uzalishaji, hiyo ndo kubwa, na karibu kila mfuko utataka uonyeshe nani mwingine ameshaweka chochote maana hakuna anayependa kubeba filamu nzima peke yake. Halafu kuna ya kumalizia, uhariri, sauti, rangi. Wewe uko hatua ya kwanza ukaenda kugonga mlango wa hatua ya pili. Sijui kama ndo wote walikukatalia kwa hilo ila ningekuwa mimi kwenye jopo ningeiona mapema sana.

Milango yako ni hii. Docubox ni mfuko ulioko Nairobi, aliuanzisha Judy Kibinge kwa ajili ya dokumentari za kanda yetu na Watanzania mmo, ile dokumentari ya Softie ya Sam Soko iliyopata tuzo ya uhariri kwenye tamasha la Sundance, Marekani, mwaka 2020 ilipitia mikononi mwao. Kwangu mimi hao ndo wa kuanza nao, kwanza wanajua kambi ya mkonge ni nini hutahitaji kuwaeleza, pili huwa hawatupi hela na kuondoka, wana mafunzo. IDFA Bertha Fund, mfuko wa tamasha la dokumentari la Amsterdam, ni dokumentari tu, ipo tangu 1998 ikiwa na jina lingine, na wanatenganisha kabisa maombi ya kuendeleza wazo na ya uzalishaji, omba lile la kwanza. Na Hot Docs, tamasha la dokumentari la Toronto, wamekuwa na mfuko wa Blue Ice wa dokumentari za Kiafrika, angalia kwanza kama dirisha la mwaka huu lipo. Kama kati ya hao kuna waliokukatalia, angalia kama wanaruhusu mradi urudi ukiwa umebadilika, soma masharti yao na useme wazi kilichobadilika ni nini.

Ile yenye swali la mzalishaji mwenza uliyoacha patupu, achana nayo kwa sasa. World Cinema Fund ya Berlin hela yake haitoki bila mshirika wa Ujerumani, Sørfond ya Norway vilevile lazima mwenza awe wa huko, sio ubaguzi, ni hela ya serikali zao na wameiwekea masharti hayo. Mwenza hapatikani kwa kujaza fomu, anapatikana kwa kukutana naye. ZIFF iko Zanzibar hapo, tangu 1998 tamasha linafanyika na wageni wanavuka bahari kuja, wewe kutoka Korogwe ni basi na boti. Nenda na dakika zako tatu kwenye simu, kaa na watu, ongea. Ukipata nguvu zaidi kuna Durban FilmMart, soko la filamu la Afrika Kusini, ila hiyo baadaye.

Na yule kaka wa Netflix na UNESCO, Walt Mzengi Corey. Lile lilikuwa shindano lililotangazwa 2021, hadithi fupi za ngano za Kiafrika, waliomba zaidi ya watu 2,000 wakachukuliwa 6 Afrika nzima, kila mmoja akapewa dola 75,000 za kutengenezea na 25,000 zake mwenyewe. Katope yake ilitoka 2023. Nafurahi sana alipata lakini ile ni filamu ya kuigiza na shindano lilipita, usijipime nayo ukalala vibaya.

Upande wa karatasi, tafuta kampuni ya uzalishaji Dar au Arusha iliyosajiliwa BRELA, yenye TIN na akaunti inayopokea dola, muingie nao kwa mkataba wa maandishi, maana mifuko mingi inalipa kampuni na sio mtu. Kwenye mkataba iandikwe wewe ndo mwongozaji, haki za filamu zinagawanywaje, na siku mkishindwana hizo picha zinabaki kwa nani. Hiyo ya mwisho watu wanaona aibu kuiuliza, mi nimeona wasichana wawili wamepoteza kazi ya miaka mitatu kwa aibu hiyo. Na kibali cha Bodi ya Filamu fuatilia mapema, pamoja na ruhusa ya uongozi wa shamba kama utarekodi korona au barabara za ndani.

Lakini binti, haya yote ni ya mezani. Mfuko ukikukubali leo mpaka hela iingie miezi inapita, na Babu ana miaka 86. Kwa hiyo rekodi SASA. Kamera unayopigia harusi inatosha kabisa. Kinachotia hofu ni sauti, picha yenye giza tunaweza kuisamehe ila mzee anaongea na huelewi anachosema filamu imekwisha, kwa hiyo pesa ya harusi ijayo nunua kimaiki cha kubana kifuani, hata cha bei ndogo, umvalishe na umuache akae kimya pia, usimkimbize na maswali. Uliniambia alitoka Kasulu, basi akianza Kiha muache aongee Kiha, usimrudishe kwenye Kiswahili, tafsiri itatafutwa na uiweke kwenye bajeti, wengi wanasahau hela ya tafsiri na manukuu halafu wanakwama mwishoni. Kila ukirudi nyumbani nakili kwenye hadi diski mbili, moja ikae kwako na moja kwa mtu mwingine kabisa, nyumba nyingine.

Na idhini. Muandikie karatasi moja ya Kiswahili chepesi, msomee mbele ya mwanae au jirani anayemwamini, muweke wazi kwamba filamu inaweza kuonyeshwa nje ya nchi na hujui kama itaingiza hela, aweke dole gumba, nakala abaki nayo. Ukienda na sukari na majani ya chai nenda navyo kama mjukuu anavyoenda, sio malipo ya kuongea.

Ukishamrekodi saa chache kata dakika tatu. Sio trela ya muziki wa huzuni na maandishi makubwa, hapana, tukio moja tu mwanzo mpaka mwisho. Hizo dakika tatu pamoja na kurasa zako mpya zitatosha kuomba hela ndogo ya hatua ya kwanza, na bajeti yake ipige kwa vitu unavyovijua, nauli ya Korogwe mpaka kambini, siku tano za mtu wa sauti, hadi diski, mtafsiri wa Kiha, mhariri wiki mbili, na asilimia 10 ya dharura. Weka na posho yako, usijiandikie sifuri, anayesoma akiona mwongozaji hajilipi anajua filamu itafia njiani wewe ukiwa kwenye harusi za watu.

Babu akikuuliza tena itaisha lini mwambie ukweli, kwamba bado, ila unaweza kumuonyesha ulichonacho. Beba laptopu, mkae naye kibarazani, ajione akiongea. Wengine watakwambia mhusika haonyeshwi filamu kabla haijaisha. Kwa mzee wa umri huo mi sikubaliani nao hata kidogo.

Ukienda Jumamosi muombe akitoe kipande. Usikishike wewe na usimsaidie kufungua lile fundo hata likichukua dakika kumi, kamera iwe inatembea tangu anapoinuka kwenda ndani. Kisha niandikie, na kurasa mpya nitumie kabla hujazituma popote, nitazisoma.